Tuzo, jukwaa, ufadhili au cheo: umtunze vipi mhandisi kijana wa leza?

Chanda chema huvikwa pete. Hilo halina mjadala. Mjadala ni pete ipi. Mkuu wa maabara, mwenyekiti wa chama cha kitaalamu au meneja wa kiwanda anayetaka kumtambua kijana aliyefanya jambo la maana kwa leza hujikuta na njia nne mezani: tuzo ya ushindani yenye majaji, jukwaa la mkutano wa kitaalamu, ufadhili wa kumwendeleza, na kumtunza hapo hapo kazini kwake. Kila njia ina wanaoipigia debe. Mimi nimekaa upande wa majaji na upande wa wanaopendekeza majina, na mara nyingi nimeona njia nzuri ikiharibika kwa sababu imepewa kazi isiyo yake.

Tuelewane kwanza kuhusu mafanikio yenyewe. Kubuni leza ni jambo moja, kuitia kazini kiwandani ni jingine. Kumar Patel alitengeneza leza ya kaboni dayoksaidi katika Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1964, akiwa na miaka 26. Mei 1967 Peter Houldcroft, katika taasisi ya Uingereza ya utafiti wa uchomeleaji ambayo leo inaitwa TWI, alichukua leza ya aina hiyo yenye nguvu ya takriban wati 300, akapuliza oksijeni sambamba na mwale, akakata bati la chuma lenye unene wa milimita 1. Leza ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni gesi. Mtu wa nje akisikia "aliongeza gesi" hatapiga makofi, ila aliyewahi kusimama mbele ya mashine ya kukata bati anajua ukubwa wa hatua hiyo. Mafanikio ya matumizi yako hivyo siku zote: hayajitangazi. Mchakato ukikaa sawa, kinachoonekana ni kwamba hakuna kinachoharibika.

Kabla ya kulinganisha

Nitazipima njia zote nne kwa vigezo sita.

Ushahidi: kijana ataonyesha nini, na nani ana jicho la kukikagua? Kipande kimoja kilichokatwa vizuri na kung'arishwa kwa ajili ya maonyesho hakisemi lolote kuhusu vipande elfu vilivyokifuata.

Siri: hiki ndicho kigezo kinachosahauliwa zaidi, na ndicho kinachoharibu mengi. Mhandisi wa chuo huishi kwa kuchapisha; mhandisi wa kiwanda hulipwa, kwa sehemu, ili anyamaze. Kasi ya mwale, kipenyo cha nukta yake, shinikizo la gesi, namna mwale unavyochezeshwa juu ya mshono, yaani pale metali mbili zinapoungana: hizo ndizo namba zinazomweka mwajiri wake mbele ya washindani. Ukidai namba hizo hadharani utawapata watu wa vyuo na kuwakosa wa viwandani, kisha utashangaa kwa nini washindi wako wote wana shahada ya uzamivu.

Timu: mchakato wa leza hauna mzazi mmoja. Yuko aliyechagua chanzo cha mwale, aliyesanifu vibanio vya kushikia kazi, aliyeandika programu ya roboti, na fundi wa zamu ya usiku aliyegundua kwamba mishono huanza kuharibika kioo cha kinga kikiingia uchafu. Kumtoa mmoja mbele kunahitaji maelezo.

Ujana: umri ni rahisi kuhesabu lakini si lazima uwe wa haki. Medali ya Fields ya hisabati ina kikomo cha miaka 40, na kila anayeanzisha tuzo ya vijana hutamani kunakili kitu kama hicho. Wengine huhesabu miaka tangu shahada ya mwisho, jambo linalomtupa nje fundi aliyepanda ngazi kutoka karakana bila shahada ya pili. Mimi napendelea kuhesabu miaka tangu mtu aanze kazi ya leza, na kupunguza miezi ya likizo ya uzazi au ugonjwa.

Muda: sifa inamfikia akiwa bado inamsaidia? Donna Strickland alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, miaka 26, alipochapisha na Gérard Mourou mwaka 1985 mbinu ya kurefusha mpigo wa mwanga, kuukuza, kisha kuubana tena. Mbinu hiyo imezaa leza za mipigo mifupi sana zinazokata vioo na kutumika katika upasuaji wa macho. Nobel iliwafikia mwaka 2018, baada ya miaka 33, wakigawana na Arthur Ashkin aliyekuwa na miaka 96. Nobel haina haraka. Kijana anayeanza maisha anayo.

Gharama: hapa nahesabu fedha, saa za watu na vurugu inayobaki nyuma.

Tuzo ya ushindani

Ndiyo njia inayojulikana zaidi. Tuzo ya ubunifu ya Berthold Leibinger ya Ujerumani hutolewa kila baada ya miaka miwili tangu mwaka 2000, kwa kazi za kutumia au kuzalisha mwanga wa leza. Katika mji wa Aachen, huko huko Ujerumani, kuna tuzo ya teknolojia ya leza yenye euro 10,000, ambayo hudai mradi uwe na thamani inayothibitika viwandani. Hizo mbili haziwahusu vijana peke yao. Chama cha Uingereza cha watumiaji wa leza viwandani, AILU, kina tuzo maalumu ya mhandisi kijana wa leza. Maana ya kuwa na tuzo ya peke yao ni rahisi kuiona: mtu wa miaka minane kazini akishindanishwa na mwenye miaka thelathini, mara nyingi anayeshinda ni ile orodha ndefu ya kazi.

Kwa ushahidi, hakuna njia inayoweza kuwa kali kuliko hii, mradi majaji wawe wa kweli. Chukua uchomeleaji wa shaba kwenye betri na mota za magari ya umeme. Shaba baridi huakisi zaidi ya asilimia 90 ya mwanga wa leza za kawaida za viwandani, wenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 1. Ukiongeza nguvu, shaba ikianza kuyeyuka huunyonya mwanga ghafla, na matone huruka kila upande. Kijana mmoja anaweza kulitatua tatizo hilo kwa leza ya bluu ya karibu nanomita 450, ambayo shaba huinyonya zaidi ya nusu. Mwingine akabaki na leza ile ile ya zamani na kuuzungusha mwale kwa kasi, au kuuzungushia pete ya mwanga ili dimbwi la metali iliyoyeyuka litulie. Nani amefanya zaidi? Jaji asiyejua kiwanda atavutiwa na bluu kwa kuwa ni mpya. Jaji anayejua atauliza maswali ya kuudhi: vipande vingapi? Mshono ulikatwa katikati na kutazamwa kwa hadubini? Pengo kati ya sahani likiongezeka kidogo, mchakato unasimama au unaanguka? Mtu mwingine ameuendesha zamu ya usiku akapata matokeo yale yale? Nami huongeza moja: ulinzi ulikuwaje? Leza za kilowati ziko daraja la 4, la juu kabisa katika IEC 60825-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa leza, na hata mwale ulioakisiwa unaweza kupofusha. Kazi iliyofanikiwa kwa kufungua mlango wa kinga isiruhusiwe kufika fainali.

Siri inawezekana kulindwa, kwa jopo dogo lililotia saini kutunza habari na muhtasari wa hadharani usiotaja namba. Waandaaji wengi hawajisumbui, na fomu hutumwa kwa barua pepe kwa watu kumi na wawili, wawili kati yao wakiwa wameajiriwa na mshindani. Niliwahi kuiona fomu ya namna hiyo ikirudishwa na mwajiri ikiwa imefutwa nusu nzima kwa wino mweusi. Kijana yule hakuwa na namna ya kushinda.

Kwa upande wa timu, tuzo ya kijana mmoja ina ugumu wa asili. Kinachosaidia ni barua fupi ya msimamizi inayosema wazi sehemu ipi ni ya nani, ikisainiwa na wenzake wawili. Ujana huwekwa kwa kanuni na hauleti tabu sana. Muda ndio udhaifu: mzunguko wa mwaka mmoja au miwili, pamoja na miezi ya uteuzi, humkuta kijana ameshahamia kampuni nyingine. Gharama kubwa iko kwenye saa za majaji kuliko kwenye kitita cha mshindi.

Inawafaa vyama na mashirikisho yenye wanachama wengi, na kijana ambaye kazi yake imekamilika, inaendeshwa, na mwajiri ameridhia isemwe.

Jukwaa la mkutano

Hapa kijana hapewi kombe. Anapewa dakika ishirini mbele ya watu wanaojua, au makala yake inachaguliwa kuwa bora. ICALEO, mkutano wa Taasisi ya Leza ya Marekani, umekuwa na tuzo za makala za wanafunzi. Taasisi hiyo hiyo hutoa tuzo ya Arthur L. Schawlow tangu mwaka 1982 kwa waliotumikia fani kwa muda mrefu, na ni vizuri zikae mbali hivyo: moja ni ya kufungua njia, nyingine ni ya kuhitimisha.

Ushahidi hukaguliwa mara mbili, kwanza na wasomaji wa makala, kisha na ukumbi. Swali la mzee wa safu ya nyuma aliyekata chuma kwa miaka ishirini lina uzito kuliko kurasa tatu za fomu. Ila jukwaa hupima pia ufasaha, na lugha ya mkutano huenda isiwe ya kijana. Nimeona kazi ya kawaida ikipambwa kwa video ya mwendo wa polepole ya dimbwi la metali, na kazi nzito ikizikwa kwenye jedwali lisilosomeka.

Kwenye siri, hii ndiyo njia ya hatari kuliko zote. Si suala la washindani kusikia tu. Katika nchi nyingi, za Ulaya hasa, jambo likishasemwa hadharani kabla ya ombi la hataza, ile haki ya kisheria inayolinda uvumbuzi, kuwasilishwa, upya wake umekufa na hataza haipatikani tena. Marekani na Japani humpa mvumbuzi miezi 12 ya nafuu, lakini kampuni inayouza kote haiwezi kuegemea hapo. Kwa hiyo mpangilio ni mmoja: ombi kwanza, hotuba baadaye. Wenye haraka hulipuuza hilo, na majuto hufuata.

Timu hupata haki kwa urahisi, maana majina yote hukaa juu ya makala na mzungumzaji huwashukuru wenzake. Ujana haudai kikomo kikali. Ni suala la nani kapewa kipaza sauti. Muda ni mzuri, kwa kuwa mikutano mingi ni ya kila mwaka. Gharama ni safari, malazi, ada ya mkutano na wiki kadhaa za kuandika.

Inawafaa watafiti wa vyuo na taasisi, pamoja na mhandisi wa kampuni inayouza mashine za leza, ambayo hufaidika jambo likisikika. Kwa kampuni inayozitumia mashine hizo kutengeneza bidhaa zake, faida ni ndogo na wasiwasi ni mkubwa.

Ufadhili wa kumwendeleza

Badala ya kusifu kilichopita, unalipia kinachofuata: miezi mitatu katika maabara nyingine, saa za kutumia mashine ya leza ya mipigo mifupi ambayo kwao haipo, kozi ya afisa usalama wa leza, au ada ya masomo.

Ushahidi unaohitajika ni wa aina nyingine. Unatazama alichokwisha fanya, lakini unaamua kwa swali alilonalo. Kijana anayesema "nataka kujifunza leza zaidi" hajafikiri. Anayesema "mishono yetu ya alumini ina vitundu, nashuku ni unyevu kwenye uso wa metali wala si kasi ya mwale, nahitaji kamera ya kasi kuthibitisha" huyo mpe tiketi kesho.

Siri haina shida mwanzoni, kwa kuwa hakuna kinachotangazwa zaidi ya jina na mada. Shida huja mwishoni: kilichogunduliwa kwenye maabara ya mwenyeji ni cha nani? Andikeni kabla ya safari, hata kama ni ukurasa mmoja. Timu haiumii sana, isipokuwa anapoondoka kazi yake humwangukia mwenzake asiyepewa chochote. Ujana hapa una maana kuliko kwingine kote, kwa sababu miezi mitatu humbadilisha mtu wa mwaka wa nne kazini kuliko wa mwaka wa kumi na tano. Muda ni wenu kuupanga. Gharama kwa mtu mmoja huweza kuzidi njia nyingine zote, na mameneja huongeza hofu ya kwamba akishaonja hatarudi. Hofu hiyo ina ukweli kidogo. Mkataba wa kurudi kwa kipindi fulani huipunguza, mradi usiwe pingu.

Inawafaa wanaotaka kujenga fani mahali ambapo mashine ni chache, na kijana mwenye swali zuri lakini asiye na matokeo ya kuwaonyesha majaji.

Kutunzwa kazini

Mcheza kwao hutunzwa. Cheo, nyongeza ya mshahara, jina kwenye hati ya mchakato, jina kwenye hataza. Njia hii hudharauliwa na wapenda sherehe, nami nadhani wanakosea.

Ushahidi uko mkononi: daftari la vipande vilivyotupwa kabla na baada, saa za mashine kusimama, malalamiko ya wateja yaliyokoma. Hakuna jopo la nje litakalowahi kuona haya yote. Siri haiguswi. Kuhusu timu, wote wanajua nani alifanya nini, na ndiyo maana kosa la upendeleo huuma zaidi hapa kuliko popote. Ukumbini watu husahau, karakanani hawasahau. Ujana hauhitaji kanuni. Muda unaweza kuwa wiki ile ile. Gharama unaichagua mwenyewe.

Udhaifu ni kwamba sifa haivuki geti. Kijana akihama, anaondoka na barua ya kazi tu. Hataza huponya hilo kwa sehemu: hata pale mmiliki ni kampuni, mvumbuzi hutajwa kwa jina, na ombi kwa kawaida huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa, likasomwa na yeyote. Udhaifu wa pili ni cheti kitupu. Kumpa kijana karatasi yenye fremu kwa mchakato ulioiokoa kampuni ni kumvika kilemba cha ukoka, naye anajua. Wapo mameneja wanaojitetea kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nimeona zaidi mgema asiyesifiwa akihamia mnazi wa jirani.

Inawafaa viwanda vya bidhaa, kazi za ulinzi na vifaa vya tiba, na popote ambapo mkataba na mteja unakataza kusema.

Kulingana na hali yako

Kama mchakato unaendeshwa, namba zipo na mwajiri ameridhia, peleka jina kwenye tuzo ya ushindani, lakini soma kwanza kanuni za usiri za jopo. Zikikosekana, waombe waziweke. Wengi hukubali wakiombwa.

Kama kazi ni ya chuo, au ni ya kampuni inayouza mashine, jukwaa litamjenga haraka zaidi. Hakikisha ofisi ya hataza imeshapata karatasi kabla ya muhtasari kutumwa, si kabla ya hotuba tu, kwa sababu muhtasari nao huchapishwa.

Kama kijana ana kipaji ambacho bado hakijazaa kitu cha kupimika, usimlazimishe kushindana. Ufadhili mdogo na saa za mashine vitazaa zaidi ya kushindwa mara mbili mfululizo mbele ya jopo.

Kama kila kitu ni siri, mtunze ndani, kwa cheo na fedha, na mwombee jina kwenye hataza pale inapowezekana. Kisha baada ya miaka michache, siri ikishachakaa, mpendekeze nje. Hapo kikomo cha umri kinaweza kumfungia mlango, kwa hiyo tafuta tuzo zinazohesabu miaka ya kazi.

Kama mafanikio ni ya watu watano na huwezi kumtenga mmoja bila kudanganya, achana na tuzo ya mtu mmoja. Aachen, kwa mfano, hupokea makundi. Au mpe kila mmoja wa watano kitu chake ndani, na mpe jukwaa yule ambaye wenzake wamemchagua.

Kama wewe ndiye unayeanzisha chombo kipya na fedha ni kidogo, usianze na kombe. Anza na kikao cha mara moja kwa mwaka ambapo vijana watatu wanaeleza walichokitatua, mbele ya mafundi na wateja, na mmoja anaondoka na nauli na ada ya mkutano wa mbali. Tarehe ipo tayari: 16 Mei, ambayo UNESCO huiadhimisha kama Siku ya Kimataifa ya Mwanga, ni siku Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza mwaka 1960. Alikuwa na miaka 32.